Dakika Nilizompa Mgongo Mama Mkwe

Kwa miaka tisa ya ndoa yangu sikuwahi kumgusa mama mkwe wangu, na yeye hakuwahi kunitazama usoni. Hatukuwa na ugomvi wowote. Ndiyo heshima ya kwao Nyakakika, na hata kwetu Muleba nilikozaliwa mambo ni yale yale, isipokuwa siku hizi wengi wetu tumeyalegeza. Yeye hakulegeza hata kidogo. Nikifika kwake nilikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, yeye akawa chumba cha ndani, nyuma ya pazia la maua mekundu. Nasema shikamoo mama, pazia linaitikia marahaba mkwe wangu, linauliza habari za safari, basi. Mengine yote yalipitia kwa mke wangu, hata kama ni kuuliza tu nimeshiba. Tukikutana njiani alivuta kitenge kichwani na kuingia migombani, nami nilitazama upande wa pili mpaka nyayo zake zisikike mbali.

Nilipokuwa mtoto niliambiwa kwamba mtu akimgusa mkwewe mikono humtetemeka uzeeni. Nimesoma, nina duka, siamini mambo hayo. Lakini mikono yangu niliitunza.

Duka langu liko Ndama, nauza vifaa vya shamba: majembe, mapanga, misumari, mabati. Mbele ya duka hilo ndipo nilipojifunza kwamba sijui kitu. Mwendesha bodaboda mmoja alikuwa amebeba mabati, pikipiki ikateleza kwenye tope, na bati likamchana mkono kuanzia kiwiko. Damu ilitoka kwa kasi ambayo sikuwa nimeiona hata machinjioni. Tulikuwa watu kama kumi pale, na kila mmoja alikuwa na dawa yake. Mmoja alitaka kumwagia mafuta ya taa. Mwingine alishaanza kuchuna kamba za mgomba ili amfunge. Mimi nilikimbia ndani nikatoka na kopo la kahawa ya unga, kwa sababu bibi yangu alitunyunyizia kahawa kwenye kila jeraha na hakuna aliyekufa. Nilisimama na kijiko mkononi, najiona daktari.

Kulikuwa na mama mmoja, nesi aliyestaafu, amekuja kununua misumari ya banda la kuku. Alinipiga kikumbo kopo likaruka. Akavua kilemba chake, akakikunja, akakigandamiza kwenye lile jeraha kwa mikono yote miwili, kiwiko cha yule kijana kikiwa juu ya goti lake, na hakuinua mikono mpaka gari lilipopatikana. Yule kijana alipona na mkono wake anautumia. Nesi aliporudi siku ya pili kuchukua misumari yake alinikuta nafagia kahawa. Hakunionea huruma hata kidogo. Aliniuliza kama ninajua kwamba nilitaka kumpikia mtu kahawa kwenye mshipa.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na maneno yale yaliniuma. Lakini nilipofunga duka jioni hasira zilikuwa zimeisha, imebaki aibu tu. Nikampelekea mayai trei moja na kumwomba atufundishe, mimi na wenzangu wa siku ile. Alikubali kwa sharti kwamba tusilete ubishi.

Alitufundishia kwenye ukumbi wa usharika wetu, Jumamosi nne mfululizo. Hakuwa na vifaa vya kisasa. Alikuwa na vipande vya mgomba. Kila mmoja alipewa kipande kinene kama paja, yeye akakitoboa kwa kisu cha jikoni, tundu refu la kwenda ndani, kisha akapitisha mpira wa dripu uliounganishwa na chupa ya maji aliyoyatia rangi nyekundu ya rosela. Mwenzako akiinua chupa, maji yanaruka kutoka kwenye tundu, nawe unatakiwa uyazuie. Ilikuwa kazi. Ukibonyeza kwa vidole maji yanapita. Ukiweka kitambaa juu juu yanapita. Ni mpaka usukume kitambaa ndani ya tundu, kidole baada ya kidole, mpaka kijae, halafu uweke viganja viwili juu yake, unyooshe mikono na kuegemea kwa uzito wako wote kama unayefunga sanduku lililojaa kupita kiasi.

Kosa letu kubwa lilikuwa kuchungulia. Kila baada ya muda kidogo mtu anainua kitambaa aone kama maji yameacha, na maji yanaanza upya. Nesi alizunguka na fimbo ya mkahawa akitugonga vifundo. "Usichungulie," alisema. "Jeraha si sufuria ya bitoke, uangalie kama ndizi zimeiva." Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu na uzidi kugandamiza. Na kama ni mkono au mguu na damu haikubali, unafunga mkanda mpana juu ya jeraha, upande wa kwenye kiwiliwili, usifunge kwenye goti wala kwenye kiwiko, unapitisha kijiti na kukizungusha mpaka damu iache kabisa. Mgonjwa atalia kwa maumivu, na wewe usilegeze. Andika saa uliyofunga. Kamba za mgomba alizipiga marufuku: nyembamba zinakata nyama, na zikilowa zinakatika. Kahawa aliitaja huku akinitazama mimi.

Nilirudi nyumbani na mashati manne yenye madoa ya utomvu wa mgomba, ambao kila mwenye mgomba anajua hautoki kwa sabuni yoyote. Mke wangu alikasirika kuhusu mashati, kisha akakasirika zaidi kuhusu mfuko. Nilitengeneza mfuko mdogo wa turubai. Ndani yake niliweka shuka la zamani lililofuliwa, likapigwa pasi na kuchanwa vipande virefu, glavu jozi mbili, kalamu ya wino mzito, na mkanda mpana alionishonea fundi cherehani kwa kitambaa cha suruali. Kijiti nilikichonga mwenyewe kwa mti wa mkahawa. Mfuko ule niliufunga kwenye pikipiki yangu na kila niendako ulikwenda. Mke wangu, ambaye akiona kuku anachinjwa anaingia ndani, aliniuliza ni nani hasa ninayemsubiri aumie. Alisema naita mabaya. Hata mimi kuna siku nilihisi hivyo, kwa sababu miezi minane ilipita hakuna aliyejikata hata kucha.

Kisha ikafika Jumamosi ile tulipokwenda Nyakakika kumsalimia mama.

Tulifika kama saa nne kasoro. Shikamoo, marahaba, nikakaa kwenye kiti changu cha mlangoni. Mke wangu aliniletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, akaniambia kuwa mama ametokea mlango wa nyuma, amekwenda kibanjani, kwenye migomba yake, kukata ndizi ya mchana. Mkwe amekuja, haiwezekani apikiwe ndizi ya jana. Nilitafuna kahawa zangu nikitazama pazia lililobaki bila mtu nyuma yake.

Wanaokata ndizi wanajua ilivyo. Unaupiga mgomba panga nusu yake, nao unainama polepole na mkungu unakuja chini taratibu. Mgomba ni maji matupu. Panga likiwa kali sana halipati kizuizi, linapita na kuendelea. Panga la mama lilikuwa kali sana. Lilitoka dukani kwangu, nilimpelekea kama zawadi ya Krismasi kupitia kwa mke wangu, na nililinoa mwenyewe kwa sifa.

Tulisikia sauti moja, fupi. Mke wangu alikimbia, nami nilichomoa mfuko kwenye pikipiki na kumfuata. Nilipofika hatua kama kumi kutoka kwao nilimwona mama amekaa chini, mguu wa kushoto umenyooka, na mke wangu anakipandisha kitenge chake juu ya goti. Damu ilikuwa pajani, upande wa ndani, juu kidogo ya goti. Ilikuwa nyekundu ya kung'aa na iliruka kwa mapigo.

Na mimi nikageuka. Niligeuka nikampa mgongo, nikasimama nyuma ya mgomba.

Sikufikiri. Miguu ndiyo iliyofikiri. Paja la mama mkwe liko wazi mbele yangu, na mwili wangu ukafanya ulichokuwa ukifanya miaka tisa njiani. Nikaurusha mfuko nyuma bila kutazama na kuanza kutoa maelekezo kwa sauti, nikizungumza na majani. Nilimwambia mke wangu achukue vitambaa. Asukume ndani. Agandamize kwa nguvu. Aliniuliza asukume wapi, nikamwambia kwenye jeraha, akasema anaogopa, nikamwambia asiogope. Nilikuwa nimeshika mgomba kwa mikono miwili, mikono iliyofundishwa Jumamosi nne, na nilikuwa naugandamiza mgomba.

Sikuangalia saa. Zilikuwa dakika mbili, labda tatu. Nimezipima mara nyingi tangu siku ile, kwa kukaa kimya na kuhesabu, na ni ndefu mno.

Kisha mke wangu akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Inapita kwenye vidole vyangu. Baba watoto, mama anapoa."

Niligeuka. Nilipiga magoti, nikamwondoa mke wangu kwa bega. Vitambaa vilikuwa juu juu, kama nilivyojua vitakuwa. Niliingiza kidole changu ndani ya lile jeraha nikiwa natafuta mahali damu inapotoka, nikasukuma shuka, nikasukuma tena, mpaka likajaa, nikaweka viganja na kuegemea. Chini ya viganja niliuhisi mfupa. Glavu nilizisahau kabisa.

Mama alikuwa na fahamu. Alikuwa amelala chali kwenye majani makavu ya migomba, na nilipomgusa alichukua ncha ya kitenge chake, akaivuta polepole, akajifunika uso wote. Nilidhani ameniona mimi na ameona aibu ya kufa. Kisha akazungumza kutoka ndani ya kitenge, kwa Kinyambo, akimwambia binti yake:

"Mwambie mkwe agandamize. Mwambie nimefunika uso, sioni kitu."

Mke wangu, ambaye magoti yake yaligusa yangu, alinigeukia na kuniambia kwamba mama anasema nigandamize. Nilimwambia amwambie mama nagandamiza. Akamwambia. Hatukuwa mbali hata urefu wa mkono, sote watatu, na kila neno lilipita kwa mke wangu kama kawaida. Sasa nikikumbuka nacheka. Wakati ule nilishukuru, kwa sababu sikujua ningezungumza naye vipi.

Damu ilipungua lakini haikuacha. Kitambaa cha kwanza kililowa, nikaongeza cha pili juu yake, kikaanza kulowa. Nikaamua mkanda. Nilimwonyesha mke wangu mahali pa kugandamiza, safari hii aliegemea kwa uzito wake wote na hakulia. Nikapitisha mkanda chini ya paja, juu ya jeraha, nikafunga, nikaweka kijiti cha mkahawa na kukizungusha. Mara ya kwanza mama alinyamaza. Mara ya pili aliguna kwa maumivu. Mara ya tatu kitenge kilisema:

"Mwambie mkanda huu ni mkali kuliko panga."

Nikamwambia mke wangu amwombe mama radhi, lakini ndivyo unavyotakiwa kuwa. Nikazungusha tena. Damu ikaacha. Niliandika saa kwenye mkanda wenyewe, saa nne na dakika ishirini, na mwandiko wangu ulikuwa mbaya kuliko wa mtoto wa chekechea.

Nikarudisha viganja vyangu kwenye jeraha. Majirani walikuwa wamefika. Mmoja alikuwa amebeba kahawa ya unga kwenye sahani, na nilimwonea huruma kama ndugu yangu. Mzee mmoja aliinama akitaka nifunue kidogo aone ukubwa wa jeraha, maana atakayepeleka habari lazima awe ameona. Nilimpa shikamoo yake bila kuondoa viganja, nikamwambia hafunuliwi mtu hapa. Alishangaa mkwe kuwa na mdomo namna hiyo. Lakini alikuwa mzee wa maana, kwa sababu badala ya kubishana alikwenda kumwita jirani mwenye pikapu ya kupeleka ndizi mnadani.

Tulimpandisha mama nyuma, katikati ya mikungu ambayo hakuna aliyekuwa na muda wa kuishusha. Mke wangu alimshika kichwa na kumfunika blanketi, mimi nilishika jeraha. Barabara ile ya vumbi ina mashimo yake na nilimtukana mwenye barabara kwa kila shimo. Kila baada ya muda mama aliuliza tumefika wapi, na mke wangu akaniuliza, nikajibu, naye akampelekea jibu. Alipokaa muda mrefu bila kuuliza nilianza kuuliza mimi. Niliuliza mama anajisikiaje mpaka kitenge kikamwambia mke wangu kwamba mkwe ana maneno mengi leo.

Hospitalini walimchukua moja kwa moja. Daktari, binti mdogo mwenye sura ya mwanafunzi wa sekondari, alisoma saa niliyoandika kwenye mkanda, akauliza nani aliyefunga. Mke wangu alininyooshea kidole. Daktari alisema vizuri, akaingia ndani. Neno moja tu, na mimi nilitoka nje nikaenda kwenye bomba la uani, nikafungua maji, nikaweka mikono chini yake na kulia. Nililia kwa raha. Nilisikia raha mpaka nikaona aibu, nikijua bado anashonwa. Mikono ilikuwa inatetemeka vibaya, na nilikumbuka yale ya utotoni, nikacheka peke yangu na kilio changu. Mwanamke aliyekuwa anasubiri kuchota maji akanipa pole ya msiba. Nilimwambia hapana mama, mtu wangu yuko hai.

Mshipa ulishonwa. Mguu ulibaki. Siku ya tatu alikula uji na kulalamika kwamba hauna sukari, na mke wangu alinipigia simu dukani kunisomea malalamiko hayo kama habari njema, nazo zilikuwa habari njema.

Lilibaki jambo la heshima. Mjomba wa mke wangu, kaka yake mama, alikuja hospitali akaliuliza kwa adabu: mkwe amemshika mama mkwe pajani mbele ya kijiji kizima, je, kuna kitu kinachotakiwa kufanywa? Mke wangu ndiye aliyenisimulia. Mama alijibu kutoka kitandani kwamba yeye hajui anachoulizwa. Siku ile alikuwa amefunika uso, hakuona mkwe yeyote. Kama kijiji kiliona, kijiji ndicho kifanyiwe hicho kitu. Mjomba aliaga.

Mimi nilicheka nilipoambiwa, lakini usingizi haukuja mapema. Kila mtu alinisifu. Nesi wangu wa misumari alikuja dukani, akasikiliza habari yote tangu mwanzo, akaniuliza mara mbili kuhusu kijiti, akanunua kitasa bila kupatana bei, jambo ambalo kwake ni sawa na kunivika nishani. Nami katika kusimulia nilianzia pale nilipopiga magoti. Sikumwambia kuhusu mgomba. Sikumwambia mtu yeyote. Mke wangu alikuwepo, lakini yeye alikuwa anatazama damu, na hajawahi kulitaja jambo hilo. Niliamini dakika zile ni zangu peke yangu, na kwamba kama mama angekufa ningekuwa nimemuua kwa adabu.

Miezi miwili baadaye tulikwenda tena Nyakakika. Nilikuwa na wasiwasi njia nzima. Niliogopa atanipa mkono. Niliogopa ataniita nikae karibu, na kwamba kile kilichokuwa kati yetu, ambacho nilikuwa nimekizoea na kukipenda bila kujua, kimekwisha.

Kiti changu kilikuwa mahali pake, mlangoni. Pazia la maua mekundu lilikuwa limefuliwa. Nikasema shikamoo mama.

"Marahaba mkwe wangu. Habari za safari?"

Nilikaa, na mabega yangu yakashuka yenyewe. Nilifurahi kumsikia akitembea kule ndani, hatua moja nzito na moja nyepesi. Mke wangu aliniletea kahawa za kutafuna. Kisha nikaona, kwenye msumari wa mlango wa jikoni, mfuko wa kitambaa cha kitenge, na kijiti cha mkahawa kimechomoza juu yake, kimechongwa vizuri kuliko changu. Mke wangu alisema mama amejishonea, na sasa anataka kujua kama alichoweka ndani kinatosha. Tena wiki iliyopita aliwaita wanawake wa jumuiya yake, akatoboa mgomba kwa kisu, na binti yake, niliyedhani alikuja kumsalimia tu, ndiye aliyewaonyesha, yule yule anayekimbia kuku akichinjwa.

Niliupekua mfuko. Ulikuwa sawa kabisa. Niliomba mama aambiwe hivyo.

Pazia lilitikisika. Nilifikiri ameshaondoka kwenda jikoni. Kisha akasema, taratibu, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi:

"Mwambie mkwe nimeshukuru. Na mwambie siku ile nilimsikia kule migombani alikosimama. Nilikuwa nahesabu. Siku nyingine asimame karibu."

Mke wangu alinitazama, hakujua kama alipeleke neno hilo au aliache. Nilimwambia amwambie mama nimesikia.